Kuiga Hukoma Tishio Linapoingia

Mwaka 1970, mjini Belgrade, Tigran Petrosian alikaa upande wa kete nyeupe na Bobby Fischer wa Marekani upande wa nyeusi. Ilikuwa mechi ya sataranji ya Umoja wa Kisovyeti dhidi ya Dunia Nzima: mbao kumi, michezo minne kila ubao. Petrosian alikuwa amenyang'anywa taji la dunia na Boris Spassky mwaka uliotangulia. Fischer naye alikuwa anatoka kwenye kipindi kirefu cha kususa mashindano, na kwa mshangao wa waliomjua alikubali kushuka ubao wa pili ili Bent Larsen wa Denmark akae wa kwanza. Mchezo wa kwanza Fischer alikuwa ameshashinda. Huu ulikuwa wa pili.

Kila mmoja akasogeza askari wa safu ya c miraba miwili, akatoa farasi wa upande wa malkia, akapandisha askari wa g mraba mmoja na kumweka askofu nyuma yake, kwenye mshazari mrefu. Mpangilio wa hatua haukuwa mmoja, lakini zilipotimia nne nne ungeweza kuukunja ubao katikati kama shuka, na kila kete ingelala juu ya pacha wake. Hatua ya tano Petrosian akatoa farasi wa pili, f3 (herufi ni safu, a hadi h kutoka kushoto kwa Nyeupe; namba ni mstari, 1 hadi 8 kutoka upande wake). Fischer hakumwiga. Akasogeza askari wa e mraba mmoja tu, e6.

Anayepita njia ataona hatua ya woga. Mimi naiona kama jibu la swali ambalo wachezaji wengi wa sataranji hatujiulizi: ubao ukiwa sawa kwa sawa, nani anapaswa kuuvunja usawa huo, na kwa gharama gani?

Ufunguzi wenyewe, yaani hatua za mwanzo za mchezo, unaitwa wa Kiingereza, kwa sababu Howard Staunton wa Uingereza aliutumia alipopambana na Saint-Amant jijini Paris mwaka 1843. Nyeupe inaanza na askari c4. Nyeusi ikijibu kwa askari c5, tumeingia kwenye tawi la ulinganifu. Vijiweni tawi hili lina sifa mbaya. Wanasema ni la watu wanaotaka sare mapema wakanywe kahawa. Nimekaa nalo miaka kadhaa, nikiwa upande huu na upande ule, na sikubaliani nao hata kidogo. Ulinganifu ni deni ambalo halijadaiwa tu. Mwenye kulidai kwa wakati wake ndiye anayelipwa.

Tuanze na sababu ya kuiga kushindikana, kwa sababu mwanafunzi makini huuliza: kama Nyeusi inaweza kuiga kila hatua, Nyeupe itashinda vipi? Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye ufunguzi mwingine, ule wa Mrusi Alexander Petrov. Askari e4, askari e5. Farasi f3, farasi f6. Nyeupe inamla askari wa e5, na Nyeusi, kwa kuiga, inamla wa e4. Nyeupe inaleta malkia e2, anamkodolea macho farasi wa e4. Nyeusi inashtuka na kumrudisha farasi f6. Basi. Farasi mweupe anaruka kutoka e5 hadi c6, safu ya e inafunguka, malkia anampa mfalme cheki, yaani anamtishia kumla, na farasi yule yule ameshamshika malkia mweusi pale d8. Mfalme ataokolewa, malkia ataliwa. Kosa halikuwa kumla askari wa e4. Kosa lilikuwa kumla kabla ya kumfukuza farasi wa e5 kwa askari d6. Mfukuze kwanza, kisha ule, na ufunguzi huo unasimama imara kiasi cha kuchezwa na mabingwa hadi leo.

Lipo na fumbo la zamani linaloanza kwa c4 na c5 zetu wenyewe. Malkia a4, malkia a5. Malkia c6, malkia c3. Wote wawili wamewaweka malkia wao mahali pa kipuuzi ambapo askari yeyote jirani angewala, lakini mchezaji wa Nyeusi ameapa kuiga. Nyeupe inamla askofu wa c8, cheki, na mfalme mweusi hana pa kwenda: d8 pametazamwa, d7 na e7 pamejaa askari wake mwenyewe, na ngome ya a8 imezibwa na farasi wa b8. Nyeusi ingependa kuiga na hilo pia, imle askofu wa c1. Sheria hairuhusu. Ukiwa kwenye cheki huna uhuru wa kuiga.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Kuwa na zamu ya kwanza hakuna maana kubwa wakati majeshi yako mbali, kila mtu anapanga nyumba yake. Wataalamu wa kompyuta watakuambia Nyeupe iko mbele kidogo, na ni kweli, lakini kidogo hicho hakiliwi wala hakinywewi. Kinageuka mali siku kete zinapogusana, na hapo kuiga hukoma. Kiswahili kina methali za pande zote mbili: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwenye ubao linganifu zote mbili ni za kweli, ya kwanza kabla ya kugusana, ya pili baada yake. Nitairekebisha kauli hii huko mbele, maana kuna mstari mmoja unaoikataa, nami nimeujua kwa machungu.

Sasa rudi kwenye c4 na c5. Panga ubao kama unao: askari c4 na c5, farasi c3 na c6, askari g3 na g6, maaskofu g2 na g7. Zamu ni ya Nyeupe. Ukiutazama ubao huu utaona kwamba maaskofu wawili wa mishazari wanatawala miraba ya katikati bila kuweka askari hata mmoja hapo. Askofu wa g2 anatazama d5, askofu wa g7 anatazama d4. Askari wa c4 anaisaidia d5, askari wa c5 anaisaidia d4. Kila upande umejenga boma lake juu ya mraba ulio mbele ya pua ya mwenzake. Mchezo mzima utakuwa ugomvi wa miraba hiyo miwili, na mipango yote mikubwa inatokana na swali moja: unaingia katikati moja kwa moja, au unapita pembeni ukaipige katikati kutokea huko?

Njia ya moja kwa moja ni farasi f3, mfalme afichwe (asogee miraba miwili kuelekea ngome, na ngome iruke upande wake wa pili), kisha askari d4. Nyeusi ikijibu kwa kuiga, farasi f6 na mfalme afichwe, Nyeupe inasukuma d4 ikiwa ya kwanza, na hapo ndipo wachezaji wazuri huachana na kioo. Nyeusi inamla askari huyo kwa askari wa c, farasi mweupe anarudisha kwa kula d4, farasi wanabadilishana, malkia mweupe anabaki katikati ya ubao, Nyeusi inaweka askari d6, na malkia anajiondoa hadi d3. Kwa nini ajiondoe wakati hajaguswa? Kwa sababu askofu wa g7 anamtazama kupitia mgongo wa farasi wa f6, na siku farasi huyo akiruka, malkia atakuwa amevuliwa nguo hadharani. Hesabu ya askari ni ile ile, saba kwa saba, ila sura si moja tena. Nyeupe ina askari c4 anayeibana d5 na kuipa nafasi ya kupumua. Nyeusi ina askari wa ziada katikati na mpango ulio wazi kabisa: askari a6, ngome b8, kisha b5, kumtikisa yule wa c4 mpaka ang'oke. Nyeupe ikiizuia b5, inabaki na nafasi kubwa na mchezo wa starehe. Ikishindwa, nafasi hiyo inageuka shamba lisilo na ua.

Napenda upande wa Nyeupe hapo, lakini si kwa mchezaji asiye na subira. Faida yake ni ya kukamua tone kwa tone, na wengi wetu tunaocheza kwenye simu dakika tatu tatu tunachoka tone la pili.

Njia nyingine ni ile iliyoshikamana na jina la Mikhail Botvinnik, bingwa wa zamani wa dunia: askari e4, askari d3, farasi wa pili e2. Nyeupe inaikaba d5 kwa mikono miwili, c4 na e4, na kwa kufanya hivyo inaacha shimo d4, mraba ambao hakuna askari mweupe atakayeweza kumfukuza mtu. Ni biashara ya wazi: mimi nachukua d5, wewe chukua d4. Nyeusi inayojua kazi yake itamsafirisha farasi wa f6 hadi e8, kisha c7, kisha e6, ili akae d4 kama mwenye nyumba. Safari ya hatua nne kwa mraba mmoja, na inalipa, kwa sababu katikati pamefungwa na hakuna anayemkimbiza. Nyeupe nayo wakati huo inatafuta askari f4 na shambulio upande wa mfalme. Nyeusi inaweza pia kuupora mpango huo na kuucheza yenyewe, askari e5 na farasi e7, iache shimo d5 kwa makusudi. Wanafunzi hushangaa kuona bingwa anajitoboa shimo mwenyewe. Shimo ni baya likiwa na mgeni ndani yake. Likiwa tupu ni mraba kama mraba mwingine.

Kisha kuna njia ya pembeni, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, pengine kwa sababu iliniadhibu. Nyeupe inacheza askari a3. Hatua ya kinyonge kwa macho. Nia ni ngome b1 na askari b4, kumpiga askari wa c5 kutoka ubavuni. C5 akiondoka, nguvu ya Nyeusi juu ya d4 imepungua nusu. Nyeusi inaweza kuiga: a6, ngome b8. Nyeupe inasukuma b4, Nyeusi inamla kwa askari wa c, Nyeupe inarudisha kwa askari wa a, Nyeusi nayo inasukuma b5, Nyeupe inamla kwa askari wa c, Nyeusi inarudisha kwa askari wa a. Tazama ubao: askari wanne wameondoka, hatua tisa zimepita kwa kila upande, na kioo kimerudi bila ufa. Hapa ndipo kauli yangu kwamba kuiga hukoma kete zinapogusana inaponisuta. Zimegusana, zimelana, na ulinganifu upo.

Niliingia kwenye ubao huu siku moja kwenye mashindano ya mwisho wa wiki, nikiwa na kete nyeusi, nikiwa na furaha ya mtu anayedhani amepata njia ya mkato. Mpinzani akacheza farasi f3, nikacheza farasi f6. Akasukuma d4, nikasukuma d5. Akamtoa askofu wa pili hadi f4. Nilikuwa nimenyoosha mkono kumtoa wangu hadi f5 ndipo nikaona kwamba askofu wake anaitazama ngome yangu ya b8. Si kwamba atanishambulia, ameshanishambulia. Nikashika ngome kwa mkono wenye jasho, nikairudisha a8, nyumbani kwake. Farasi wake akamla askari wangu wa b5 bure, maana ngome iliyokuwa inamlinda ndiyo hiyo niliyoiondoa. Sasa akawa anatishia kuruka c7, amshike mfalme na ngome hiyo hiyo kwa pigo moja, huku malkia wangu hawezi kumla kwa sababu askofu wa f4 yuko nyuma yake anasubiri. Toka hapo hadi mwisho kila hatua yangu ilikuwa jibu. Sikuuliza swali tena.

Ngome ilipaswa kwenda b6. Pale inalindwa na malkia, inamlinda farasi wa c6, na inaendelea kumlinda askari wa b5. Hatua moja tu, na mchezo uko sawa. Ila ilinibidi nikubali kwamba ngome yangu imehama na yake haijahama, kwamba kioo kimepasuka, na kwamba kuanzia sasa natakiwa kufikiri kwa kichwa changu. Hilo ndilo lililonishinda, zaidi ya hesabu yoyote.

Basi kauli yenyewe iwe hivi: kuiga hukoma pale hatua inapokuja na tishio. Kulana kwenyewe si hoja. Askari wanne wanaweza kuliwa na usawa ukabaki, kama hakuna aliyeliwa huku akimwacha mwenzake na jambo la kujibu. Askofu aliyefika f4 akiigusa ngome ameiba zamu, na zamu iliyoibiwa hairudishwi kwa kuiga. Kwa hiyo mwenye kete nyeusi asihesabu ameiga hatua ngapi. Ajiulize, kila mara, hatua ijayo ya mwenzangu itanigusa wapi? Akiona mguso unakuja, avunje kioo yeye mwenyewe hatua moja kabla, kwa namna anayoitaka.

Rudi Belgrade. Fischer alivunja hatua ya tano, wakati hakuna kete iliyogusa nyingine. Askari wa e6 anafanya kazi mbili. Anamwandalia farasi mraba wa e7, badala ya f6, ili askofu wa g7 asizibwe na mtu wake mwenyewe. Petrosian, kwa kumweka farasi f3, alikuwa amemziba askofu wake wa g2. Pili, anaiandaa d5. Petrosian akamficha mfalme, Fischer akatoa farasi e7. Hapo Nyeupe ilikuwa na nafasi ya kucheza askari e3 na kisha d4, ikapata kile ilichokitaka tangu mwanzo. Petrosian akacheza askari d3. Fischer akamficha mfalme. Petrosian akamweka askofu d2. Fischer akasukuma askari d5.

Tusimame hapo kidogo. Hatua nane. Nyeusi, iliyoanza ikiwa nyuma kwa zamu moja, ndiyo imefika katikati kwanza. Hakuna aliyefanya kosa ambalo mtoto angelionesha kwa kidole. Petrosian alikuwa bwana wa kungoja. Alilishika taji la dunia kuanzia 1963 hadi 1969 kwa kuwaacha watu wajichoshe kwenye kuta zake. Lakini kungoja kwenye ubao linganifu kuna bei yake. Ukiwa na zamu ya kwanza na ukaitumia kwa d3, umemkabidhi mwenzako zamu hiyo na risiti juu.

Baada ya hapo Petrosian alijaribu njia ya pembeni: askari a3, ngome b1, askari b4. Fischer akala kwa askari wa c, akala na wa c4 pia, akaiweka ngome safu ya c. Petrosian akasukuma askari wake hadi c5, wakabadilishana, na upande wa malkia ukabaki na askari mmoja mpweke kwa kila mchezaji: mweupe c5, mweusi a7. Kwa mtazamo wa haraka wa c5 ndiye mwenye heshima, amefika mbali na hana askari wa kumzuia mbele. Kwa mtazamo wa pili yuko mbali na nyumbani, hana jirani wa kumlinda, na kila kete nyeusi inajua anwani yake. Wa a7 alikuwa kwao, hajaguswa, hana haraka. Farasi wa Fischer akaenda a5, na kuanzia hapo mchezo mzima ulikuwa wa kumzunguka yule wa c5. Ulipita hatua sitini, na Nyeupe ikapoteza. Michezo miwili iliyobaki waliishia sare, na Fischer akaondoka na pointi 3 kwa 1 dhidi ya mtu aliyekuwa bingwa wa dunia miezi michache nyuma. Timu ya Kisovyeti hata hivyo ilishinda kwa jumla, 20½ kwa 19½.

Nasisitiza mchezo huu kwa sababu unaonesha kitu ambacho maelezo ya vitabu vya ufunguzi hukificha. Vitabu hupenda kusema kwamba kwenye ulinganifu Nyeupe ndiyo inayochagua. Si kweli kila siku. Nyeupe ina haki ya kuchagua kwanza. Isipoitumia, haki hiyo inahama kimyakimya, na hakuna kengele inayolia.

Wapo wanaouendea ulinganifu kwa sababu nyingine kabisa: wanatafuta sare. Kwa hao kuna kisa cha Manila, kwenye mashindano ya mwaka 1990 ya kutafuta wagombea wa taji. Raundi ya mwisho Mikhail Gurevich alihitaji nusu pointi tu dhidi ya Nigel Short wa Uingereza. Alikuwa na kete nyeupe. Akachagua tawi la ufunguzi wa Kifaransa lile la kubadilishana askari wa katikati hatua ya tatu, ambalo linaacha askari wote wakiwa sambamba na safu ya e wazi, tawi ambalo dunia nzima inalijua kwa sare. Short alihitaji ushindi na hakuwa na kitu cha kushika. Akacheza. Akatafuta tofauti ndogo ndogo, farasi huyu mahali pazuri zaidi ya yule, ngome hii kwanza, na mwenzake, aliyekuja kulinda, akajikuta halindi chochote cha maana. Gurevich alipoteza mchezo na nafasi. Short aliendelea, akamtoa Anatoly Karpov mwaka 1992, na mwaka 1993 akakaa mbele ya Garry Kasparov jijini London kugombea taji.

Sidhani Gurevich alishindwa na ufunguzi. Ubao ulikuwa sawa. Aliyekuwa tofauti ni mtu mmoja mwenye mpango na mmoja asiye nao, na ubao mtupu wa tofauti ndio unaomfichua mtu wa pili haraka kuliko ubao wowote. Kwenye vurugu unaweza kujibu tu na ukaokoka, kwa sababu vitisho vyenyewe vinakuelekeza. Kwenye ulinganifu hakuna anayekuelekeza.

Dubai, 2021, kwenye mechi ya taji la dunia, mambo yakawa yale yale kwa sura nyingine. Ian Nepomniachtchi alimletea Magnus Carlsen ule ufunguzi wa Petrov mara kwa mara alipokuwa na kete nyeusi. Ni ukuta mzuri. Fabiano Caruana alikuwa ameutegemea dhidi ya Carlsen huyo huyo miaka mitatu kabla jijini London, na michezo yote 12 ya mwendo mrefu ikaisha sare. Mchezo wa nane wa Dubai, Nepomniachtchi akiwa ameshapoteza mmoja wa hatua 136 siku chache kabla, akasukuma askari b5 bila kuona kwamba malkia mweupe ana cheki pale a3, na akitoka hapo anamla askari wa a7. Cheki moja. Mfalme akasogea, askari akaenda, mchezo ukaenda naye. Ubao wenyewe ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini.

Kwa anayetaka kuanza kucheza tawi hili, ushauri wangu ni wa kibahili: usisome matawi yote. Kwa Nyeupe, chagua kati ya d4 na b4, ujue unataka ipi kabla hujatoa farasi wa pili, kwa sababu farasi wa f3 anasaidia d4 na anamziba askofu. Kwa Nyeusi, jifunze e6 na farasi e7 kwanza. Ni mpangilio unaokupa d5 bila kukulazimisha kukariri, na unakufundisha kulipa, kwa maana e6 si bure: miraba ya d6 na f6 inabaki bila askari wa kuitunza. Wanaoijua dosari hiyo hawachezi d3 ya Petrosian. Baada ya e6 husukuma d4 papo hapo, hatua ya sita, wakitoa askari bila kuombwa. Nyeusi ikimla kwa askari wa c, farasi wa c3 anaruka b5, na macho yake yote yako d6.